Mtoto Anayelala Cherehani Zikilia

Kangle, Guangzhou
17 Septemba 2006

Dada yangu mpendwa Elinami,

Shikamoo dada. Bwana asifiwe. Nakuamkia wewe kwanza, kisha shemeji na wote wanaokula chungu kimoja na wewe huko Usangi. Mgongo umeendeleaje? Na kile kifua cha baridi ya Julai kimekuachia? Sisi Mungu anatushika. Baba Nakundwa mzima, na ndiye atakayekupa barua hii mkononi, pamoja na mzigo ambao siwezi kuuita mzigo.

Ndiyo dada, nimekubali. Daktari amesema kifua cha mtoto hakitapona humu tunamokaa. Chini yetu ghorofa zote ni za kushona nguo, na vumbi la nyuzi linapanda ngazi kama mgeni aliyealikwa. Wiki waliyoshona suruali za jinzi nilimpangusa mtoto pua, kitambaa kikatoka bluu.

Ningekuja naye mwenyewe, lakini pasi yangu iko uhamiaji inaongezwa muda. Na hata ingekuwepo, hali unaijua. Posho ya masomo ya Baba Nakundwa ni ya tumbo moja. Hii kazi yangu ya kuwasimamia wateja wa Dar nguo zao zishonwe sawasawa ndiyo inayotulisha, mpaka amalize chuo katikati ya mwaka 2008. Basi mimi niliyengoja mtoto kama Hana wa kwenye Biblia, mpaka mvi zikaniota, namtoa wa miezi mitano. Hana naye alimtoa Samweli, lakini yeye alisubiri kwanza amwachishe ziwa.

Sasa dada, nisikilize vizuri, hapa ndipo penyewe.

Huyu mtoto amekulia juu ya cherehani. Asubuhi mafundi wakiziwasha zote kwa pamoja, sakafu inatetema kama umekanyaga lori lililowashwa. Hapo ndipo analala. Mchana zinanyamaza, mafundi wanakula, kisha wanajilaza juu ya marobota ya vitambaa. Ule ukimya ndio unaomwamsha. Anafungua macho, ananyonya akiwa macho kabisa, anacheza, na zikianza tena anasinzia. Jioni hivyo hivyo. Sikumfundisha mimi, zimemfundisha zenyewe.

Akipikicha macho, usimpe maziwa, huo ni usingizi. Akitafuna ngumi yake, hiyo ndiyo njaa. Usimchanganyie haya mawili, maana akilishwa huku anasinzia anacheua yote, na akilazwa na njaa anaamka na hasira mpaka jioni. Chupa nimemzoesha kidogo. Anaipokea kama mtu anayepokea habari ya msiba.

Nimeandika mengi kwa sababu nikiacha kuandika itabidi nimfunge nguo za safari. Simu tuiache, najua mpaka upande kilima cha kanisani ndipo upate mtandao. Niandikie. Bi Hafidha wa jengo la Tianxiu, yule anayesafirisha mizigo ya Dar, amesema barua zetu atazibeba yeye na watu wake, na kule zitapanda basi la Mwanga.

Mdogo wako,
Mama Nakundwa (acha niliandike jina hilo)


Usangi
8 Oktoba 2006

Judica mdogo wangu, mama wa mtoto wetu,

Marahaba, na amani ya Kristo ikae nawe huko ugenini. Unakula? Usinijibu kwamba unakula, niambie unakula nini. Mgongo wangu ni ule ule, tumezoeana. Shemeji yako anakusalimu, anasema mtoto amechukua masikio yake, jambo ambalo haliwezekani lakini nimemwachia afurahi.

Baba Nakundwa alitukabidhi mtoto salama, akakaa siku chache, akaondoka bila kutazama nyuma. Usimlaumu. Nilimwona pale kwenye kona akisimama kujifanya anafunga kamba ya kiatu, na viatu vyake havina kamba.

Kifua kinafunguka. Kikohozi kimebaki cha alfajiri tu. Ila usingizi, Judica! Ukimya wa huku unaujua, kuku akikohoa anasikika ng'ambo ya bonde. Mtoto anashtuka kwa kila kitu. Jani la mgomba likigusa bati, macho hayo! Halali, na kwa kuwa halali, amechoka mno hata kunyonya chupa. Analia huku anapikicha macho na kutafuna ngumi, yote kwa pamoja. Sasa hapo nifuate mstari upi wa barua yako?

Nikamwita fundi wetu wa pale sokoni alete cherehani yake barazani. Alipiga pedeli mpaka goti likamuuma. Mtoto alimtazama tu, kama bosi aliyekuja kukagua kazi. Fundi akaniambia, "Mama, huyu hanitaki mimi, anataka kiwanda."

Basi siku ya Alhamisi nilibeba mahindi kwenda kusaga, naye mgongoni. Agustino alipowasha ile mashine yake ya dizeli, nikahisi kichwa kimedondoka begani. Amelala! Amelala fofofo, mdomo wazi! Wanawake kwenye foleni hawakuniacha. "Elinami, umeleta mtoto au debe? Mweke kwenye mizani basi." Mwingine anasema, "Watoto wa China hao, bila dizeli hawaendi." Nilicheka mpaka nikalia, maana nilikuwa sijalala siku kadhaa.

Sasa ni kazi ya kila siku. Agustino hawashi mashine bila mahindi, kwa hiyo nimegawa gunia langu, naenda na kibaba kimoja kimoja. Akimaliza cha kwangu naomba wenye foleni wafuatane bila kupumzika ili mashine isizimwe. Tunakaa nje nyuma ya ukuta, upande ambao upepo hauleti unga, usiogope. Analala asubuhi yote, na alasiri tunarudi nyumbani.

Jibu upesi, nataka kusikia umecheka.

Dada yako,
Elinami


Kangle, Guangzhou
29 Oktoba 2006

Dada yangu,

Shikamoo. Nakushukuru na kumshukuru Mungu aliyekuweka hapo ulipo. Ninakula wali na mboga za kukaanga, na Jumapili baada ya ibada akina mama Wakenya wanapika ugali tunakula wote. Mgongo upake ile dawa niliyotuma kwenye kopo jekundu, usiikalie kama pambo.

Nimecheka, dada. Niliisoma barua yako ngazini, nikacheka peke yangu mpaka fundi mmoja akaniletea maji ya moto, wao dawa yao ya kila kitu ni maji ya moto.

Yule mama mwenye kiwanda cha chini, tunayemwita Laobani kama tunavyowaita wenye maduka wote, aliniona napita mikono mitupu. Akafanya mikono yake hivi, kama anayebembeleza, akaniuliza, "Meiyou?" Ni neno lile lile wanalotuambia sokoni ukiulizia kitambaa kilichokwisha. Hakuna? Nikamjibu, "Meiyou." Alishika mkono wangu akaukandamiza, kisha akarudi kuwagombeza watu wake.

Kuna jambo nikuambie wewe tu. Mchana cherehani zikinyamaza, maziwa yananijia. Siwazi chochote, nimesimama nahesabu vifungo vya mashati ya watu, ukimya unashuka, na blauzi inalowa. Naokota vipande vya pamba vilivyokatwa sakafuni najiwekea kifuani. Mwili hauna habari kwamba mtoto amepanda ndege. Baba Nakundwa anasema yatakauka yenyewe. Namwambia sawa. Sijamwambia kwamba naomba yasikauke.

Ila dada, umenieleza analala vipi, hukunieleza anakula vipi. Huku alikuwa akiamshwa na ukimya. Hiyo mashine ya Agustino inanyamaza saa ngapi? Na kama wewe mwenyewe unaomba isizimwe, nani anamwamsha ale?

Nijibu hilo kabla ya mengine yote, tafadhali.

Mdogo wako,
Judica


Usangi
19 Novemba 2006

Judica mdogo wangu,

Bwana akutie nguvu. Nakuamkia kwa sauti ya chini leo. Naomba uwe mzima wa mwili, kwa maana nitakuchosha moyo.

Swali lako lilifika juzi. Lingefika wiki mbili kabla ya hapo, labda nisingekuwa na la kuandika.

Nilimpeleka mtoto kliniki. Nesi alimpima, akampima tena. Akanionyesha kadi. Mstari wa uzito umeteremka, umetoka kwenye kijani umeingia kijivu. Akaniuliza ratiba yake, nikamweleza kwa kujisifu kabisa, mashine, foleni, vibaba vyangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, huyu mtoto anashiba usingizi."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi analala, nikasahau kwamba mtoto aliyelala haombi. Asubuhi yote anapitiliza, chupa narudi nayo imejaa. Alasiri nikimpa, tumbo limeshazoea utupu, anakunywa kidogo anageuza uso. Nami nikasema moyoni, watoto wa siku hizi wana matumbo madogo. Nimelea wanne, Judica, na wote wamekua. Sijui macho yangu yalikuwa wapi.

Nesi amesema mashine basi, na mtoto aamshwe kula. Nimemwachisha. Hii ni siku ya nne. Halali, na kula hali. Nikimwamsha anakasirika, nikimwacha ananyong'onyea. Kijiko anakitema, chupa anaipiga kwa mkono. Ule mkono, mdogo wangu, bangili uliyomvalisha imeteleza mpaka kiwiko.

Kanisani wameomba kwa ajili yake. Nilijaribu simu ya mwalimu kutoka kilimani, namba yako ikasema haipatikani. Nimeona afadhali unilaani kwa kujua kuliko kunishukuru kwa kutojua.

Nijibu nifanye nini.

Dada yako,
Elinami


Kangle, Guangzhou
1 Desemba 2006

Dada,

Shikamoo. Amani iwe nawe. Barua nimeipata leo na leo hii najibu, mtu wa Bi Hafidha amesimama mlangoni.

Nakuja kumchukua. Pasi imetoka. Bi Hafidha anasafiri kuja Dar mwanzoni mwa Januari, amenishikia nafasi pembeni yake. Kuhusu mafundi na wateja, Mungu atajua. Namrudisha kwenye cherehani zake. Huku alikohoa lakini alikuwa mnene. Nachagua pua ya bluu kuliko mkono unaoshindwa kushika bangili.

Sikulaani. Niamini hilo. Lakini mpaka nifike usimbadilishie kitu kingine chochote, dada. Mtunze tu apumue.

Nijibu kwa huyu huyu anayekuja.

Judica


Usangi
17 Desemba 2006

Judica,

Nakusalimu katika jina la Yesu, na nakuomba usome mpaka chini kabla hujasimama.

Mtoto anakula. Nimeanza na hilo ili upumue.

Barua yako ya kwamba nisibadilishe kitu imenikuta nimeshabadilisha. Ilikuwa mchana wa mvua, shemeji yako yuko shambani, niko peke yangu na mtoto. Alikuwa ameacha hata kulia. Anatafuna ngumi, lakini polepole, kama anayekumbuka kitu. Nikaomba. Nikafungua blauzi.

Unajua desturi ya kwetu. Mama alipolazwa, bibi alikushika wewe hivyo hivyo kwa ziwa lake kavu, ukatulia. Nilikuwepo, nilikuwa binti mkubwa, nilimpelekea bibi shuka ya kujifunika. Langu nalo halina kitu, mimi ni mama mtu mzima niliyekwisha kuwa bibi. Nilitaka tu atulie.

Alilitazama. Akalishika kwa mikono miwili, Judica, kwa nguvu ambazo nilidhani ameshazimaliza. Akavuta. Akavuta tena, hakuna, akanitazama kana kwamba ananiuliza. Basi nikanyoosha mkono nikachukua kikombe cha maziwa na kijiko, nikadondosha juu ya ziwa, yakateremka taratibu mpaka mdomoni. Akameza. Nikadondosha tena. Kikombe kikaisha akiwa macho, mvua inapiga bati, na yeye hana habari na mvua.

Akacheza na vifungo vyangu. Kisha akapikicha macho, nikamlaza ubavuni, akalala. Bila mashine yoyote. Akaamka mwenyewe, akatafuta.

Tangu siku hiyo ndivyo tunavyokwenda. Anaamka, anakula, anacheza, analala, kwa mpangilio ule ule ulioniandikia, ila sasa njaa ndiyo inayomwamsha na shibe ndiyo inayomlaza. Nesi amecheka, akasema nioshe vizuri kijiko na niendelee.

Najua nilichokifanya. Naomba ruhusa ya kitu nilichokwisha kukichukua. Ziwa ni la mama, na mama wa huyu yupo hai, nayo maziwa yanamlowesha kwa watu. Ukisema niache, nitaacha siku hiyo hiyo. Sijui atakulaje, lakini nitaacha.

Njoo umchukue ukitaka, nitakufungia nguo zake mwenyewe. Lakini nijibu kwanza.

Dada yako,
Elinami


Usangi
28 Januari 2007

Judica mdogo wangu,

Salamu za mwaka mpya, ingawa umeshaanza kuchakaa. U mzima? Baba Nakundwa je? Sisi tu wazima wote.

Bi Hafidha amefika Dar bila wewe. Nilisubiri basi la Mwanga nikijua unashuka, nikashushiwa furushi la nguo za mtoto. Nikazikung'uta moja moja nikitafuta barua. Nikarudia.

Krismasi ilipita vizuri, alikula uji wake wa kwanza akaupaka kila mtu. Mstari wa kadi umerudi kwenye kijani. Anakaa bila kushikwa. Kikohozi sijakisikia mwezi mzima. Ukimya hausumbui tena usingizi wake, jana jogoo alipanda dirishani akawika na yeye akajigeuza tu ubavu.

Watu kanisani wameanza kuniita Mama Nakundwa. Nilikuwa nawasahihisha. Siku hizi, nikuambie kweli, wengine nimechoka kuwasahihisha.

Bado nampa. Hukusema niache wala nisiache. Kila nikimshika hivyo nageuka nautazama mlango, kama mwizi.

Andika. Hata matusi, yaandike uyatume.

Dada yako,
Elinami


Kangle, Guangzhou
22 Februari 2007

Dada yangu Elinami,

Shikamoo, dada. Shikamoo mara nyingi, kwa zote nilizokunyima. Mgongo je, hasa sasa unapobeba mtoto aliyenenepa? Shemeji mwambie nimekubali masikio ni yake. Sisi tu wazima, kwa neema.

Nilikuwa nimeshafunga begi. Barua yako niliipokea Tianxiu, ofisini kwa Bi Hafidha, nikaisoma nimesimama kati ya maboksi ya watu. Nilipofika pale penye mikono miwili nikaikunja. Nikamwambia Bi Hafidha aende bila mimi. Akaniuliza, "Mwanangu, kuna msiba?" Nikasema hapana, mtoto amepona. Akanitazama sana, maana nilikuwa nalia kama aliyefiwa.

Sikukuandikia kwa sababu kila nilichoandika kilitoka kichungu. Dada, nilikuchukia. Nilikuchukia wewe na ziwa lako lisilo na kitu, na mimi nina maziwa ya kumwaga kwenye vitambaa. Nilipompa Baba Nakundwa barua aisome, aliuliza neno moja tu, "Amekula?" Nikasema amekula. Akasema, "Basi." Nilimnunia siku nyingi kwa hiyo basi yake. Nikaomba Mungu anisaidie kufurahi, nikiinuka magotini nakuta bado.

Sasa huku ni mwaka mpya wa Wachina. Kangle yote imefungwa. Mafundi wamekwenda makwao kwa treni, na kila mmoja amebeba vitu vya watoto, mikoba ya shule, vijiatu vyenye taa. Yule aliyeniletea maji siku ile alinionyesha picha ya mwanawe kabla hajaondoka. Mtoto anakaa na bibi yake. Fundi humwona mara moja kwa mwaka, sikukuu hii tu. Alipima kwa mkono urefu wa mtoto mwaka jana, kisha akapandisha mkono kukisia wa mwaka huu, akacheka, akakosea kidogo, akaupandisha tena.

Cherehani zimenyamaza kutwa. Asubuhi ya kwanza nilijiandaa, nikajiwekea vitambaa kifuani, nikakaa kitandani nikisubiri, maana nilisema leo ukimya ni wa siku nzima, nitalowa mpaka miguu. Nikasubiri. Mchana ukafika. Nikavitoa, vikavu, nikavikunja.

Yamekwisha, dada. Sijui yalikwisha siku gani, sikuwa naangalia. Nililia, halafu nikala, halafu nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu Septemba.

Siji kumchukua. Humu vumbi liko pale pale, likisubiri watu warudi kazini. Akae na wewe mpaka tumalize huku. Na mpe. Usigeuke kuutazama mlango, hakuna anayeingia. Mpe mpaka siku atakapoliacha mwenyewe, na wanaokuita Mama Nakundwa waitikie, ili mtoto asisikie mtu anaitwa jina hilo na hakuna anayeitika.

Ninachokuomba ni kimoja. Aliponyonya kwangu alikuwa akinitazama mpaka karibu na mwisho, ndipo anafumba macho. Kwako je? Anafumba tangu mwanzo, au anakutazama?

Nijibu upesi, dada. Nasubiri.

Mdogo wako,
Judica